Mtaa wa Kongo, mtaa wa mabega

Ipo sauti ambayo ukiisikia Mtaa wa Kongo unaruka kwanza, maswali baadaye. "Mzigooo! Pisha mzigo!" Anayeita humwoni. Unachokiona ni robota jeupe la plastiki lililokazwa kwa kamba za bluu, linaelea juu ya vichwa vya watu kama mtumbwi, na ukiinama ndipo unapoona chini yake miguu miwili myembamba ndani ya kandambili. Usipopisha utasukumwa. Ukisukumwa utaangukia meza ya mtu, na ukiangukia meza ya mtu utalipa kilichovunjika. Kwa njia hiyo nimewahi kununua saa ya ukutani na miwani ya jua mitatu, vyote kwa siku moja.

Nina duka la nguo za watoto Morogoro, fremu moja tu, na cherehani mlangoni ya kupunguzia suruali. Huu ni mwaka wa kumi na tatu nashuka Dar kila baada ya wiki mbili tatu kufuata mzigo. Kwa mfanyabiashara wa mkoani, kufuata mzigo ni kwenda Kariakoo, na Kariakoo yangu mimi inaanzia Kongo na mara nyingi inaishia hapo hapo, kwa sababu hela huwa imekwisha. Kibao kimeandikwa kwa C, Congo, lakini sijawahi kumwona mtu akikisoma. Hakuna pa kusimama ukasoma.

Ukiwahi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kongo bado ni barabara. Ina lami, unaiona. Kuna paka, kuna mama lishe anawasha mkaa, kuna kijana analala juu ya toroli lake huku mkono mmoja ameushika mpini lisiondoke bila yeye. Saa moja meza zinaanza kutoka vichochoroni. Saa mbili miavuli inafunguka. Saa tatu lami imetoweka na hutaiona tena mpaka usiku: mafungu ya nguo za ndani, madaftari, soksi, vitenge, masufuria, chaja, viatu vya mtumba vilivyopigwa kiwi mpaka vinang'aa kuliko vipya. Kila meza ina spika yake ndogo iliyorekodiwa sauti ya mwenyewe, ili koo lipumzike: buku buku buku, elfu mbili elfu mbili, chagua mwenyewe mama. Spika ya huku inaingiliana na ya kule, na ukisimama katikati unasikia bei ambayo haipo popote.

Nimezeekea kwenye mtaa huu na wao ndio wanaoniambia. Mwaka wa kwanza nilikuwa mrembo. Baadaye nikawa dada, nikakaa kwenye udada muda mrefu, nikauzoea. Tangu juzi juzi ni mama. Nikibeba daftari lenye orodha nakuwa bosi, kwa hiyo siku nikiamka vibaya nalibeba hata kama sina cha kununua.

Lakini sikuanza kuijua Kongo kwa biashara. Niliijua kwa mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alisukuma mkokoteni Kariakoo kuanzia 1979 mpaka mgongo ulipokataa. Kwao, yaani kwetu kwa upande wa mama, ni Nyangao, Lindi. Nilipokuwa na miaka minane mama alinileta Dar kutafuta sare za shule, na mjomba akatupokea, akanikalisha juu ya mkokoteni mtupu, akanisukuma kati ya watu kama bibi harusi. Tukafika kwenye kona moja akasimama, akanionyesha kibao. Nikasoma: Mahiwa. Akaniambia, "Hapa ndipo nyumbani. Mahiwa ni pale kwetu, jirani kabisa na Nyangao." Nikafikiri kuna tajiri wa Mahiwa aliyekuja mjini akajenga. Mjomba akacheka. Kulikuwa na vita pale, akasema, na babu yake yeye alibeba. Nikauliza alibeba nini. Mizigo ya Wazungu. Wazungu gani? Akafikiri kidogo. "Wote. Waliopita kwanza, halafu waliowafuata."

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kuelewa kwamba katika jibu lile fupi alikuwa amenipa historia ya Kariakoo yote.

Vita vyenyewe ni vile vya 1914 hadi 1918. Wajerumani walikuwa wameshaamua, kabla ya vita kuanza, kwamba Waafrika wa Dar es Salaam wahamishiwe upande wa magharibi wa mji, ng'ambo ya uwazi ambao leo ni Mnazi Mmoja. Walipima viwanja kwa mistari iliyonyooka, na ndiyo maana hata leo Kariakoo ukiitazama kwenye ramani ni kama karatasi ya hesabu, ingawa ukiwa ndani yake huamini. Walianza pia kusimamisha jengo la soko. Jengo hilo hawakulitumia. Septemba 1916 Waingereza wakaingia mjini, wakayafanya maeneo yale kuwa kambi ya wapagazi wao. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Kinywa cha Mswahili kikalichukua jina hilo, kikalipa irabu zake, likawa Kariakoo. Wenzetu wa Nairobi nao wana Kariokor yao, soko pia, kwa sababu hiyo hiyo.

Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari. Afrika Mashariki haikuwa na barabara za kupitisha malori, na farasi na punda walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo kila risasi, kila debe la unga na kila kitanda cha ofisa kilikwenda kwa kichwa cha mtu. Upande wa Waingereza peke yao waliandikishwa wapagazi wanaofikia takriban milioni moja, wengine kwa ujira, wengine kwa kukamatwa usiku. Waliokufa wanazidi 90,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, homa, njaa na uchovu. Oktoba 1917 majeshi yalikutana Mahiwa, karibu na Nyangao, kwa siku nne hivi. Waingereza, ambao kati ya askari wao pale walikuwamo Wanigeria na Wahindi, walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, alishinda pale, kisha akaendelea kurudi nyuma kuelekea Msumbiji kwa sababu watu aliowapoteza hakuwa na pa kuwapatia wengine.

Angalia sasa vibao. Mahiwa. Narung'ombe, ambako kulipiganwa Julai 1917 kwenye nchi ya Kilwa. Tandamti, kilima cha Lindi kilichopiganiwa Agosti mwaka huo huo. Watu wananunua mapazia Narung'ombe na kuagana wakutane Tandamti, na mitaa hiyo ni orodha ya mahali ambapo wapagazi walikufa. Jina la kitongoji kizima ni lao, na mitaa ni ya vituo vyao. Sijui mji mwingine ambao soko lake kubwa ni kaburi la namna hii na watu wakaendelea kupatana bei bila wasiwasi. Na waache wapatane, kwani wafanye nini?

Ukitembea nusu saa kutoka Kongo kwenda Posta utaikuta Sanamu ya Askari, ya shaba, iliyosimamishwa 1927 mahali ilipokuwa sanamu ya gavana wa Kijerumani. Maandishi chini yake yanawataja wapagazi kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake yenye singe, peke yake. Nairobi walau walimsimamisha na mbebaji. Hapa miguu na mikono ikabaki kwenye maandishi, na ukitaka kuiona inabidi uje Kariakoo.

Lile jengo la Mjerumani likaja kuwa soko 1923. Pembeni yake mji wa Waafrika ukajaa: nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele, na mwenye nyumba akiishi chumba kimoja na kupangisha vitano. Kwenye baraza hizo ndipo mjini palipojadiliwa mambo. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954 pale Mtaa wa Lumumba, ambao wakati huo uliitwa New Street, kwenye ofisi ya chama kilichotangulia. Yanga na Simba, waliozaliwa 1935 na 1936, nao ni watoto wa hapa, mmoja Jangwani, mwingine Msimbazi, na mpaka leo wakikutana uwanjani ni dabi ya Kariakoo hata mechi ikichezwa mbali. Siku ya dabi usije kununua nguo za watoto. Utaambiwa bei ya jezi hata ukiuliza bei ya nepi.

Soko ambalo kizazi changu kililijua si la Mjerumani. Ni la Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania aliyepewa kazi ya kujenga soko la nchi huru. Lilijengwa kuanzia 1971 hadi 1974, na Mwalimu Nyerere akalifungua 8 Desemba 1975. Amuli hakutaka sanduku. Alisimamisha nguzo zinazopanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa, au uyoga, kila mtu anaona lake, na mvua ikinyesha maji yanateremka katikati ya nguzo na kuhifadhiwa kwenye tangi chini. Pembeni wazi, hewa inapita. Chini kabisa kuna sehemu tuliyoiita shimoni. Nilikuwa naogopa kushuka shimoni nikiwa mtoto. Mjomba alishuka mara ishirini kwa siku na gunia la viazi shingoni.

Kabla ya kwenda kichwani au begani, mzigo unapita mikono ya wapakiaji wawili, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu watu hudhani kubeba ni nguvu tu. Mjomba alikuwa mwembamba. Alisema mzigo unaubeba kabla hujaunyanyua: unauzunguka, unatafuta uzito wake umelalia wapi, unachagua bega. Mkokoteni uliopakiwa vibaya mbele unakuvunja kiuno, uliozidi nyuma unakunyanyua juu kama mtoto kwenye pembea, na nimeona kwa macho yangu mwanaume mzima ananing'inia kwenye mipini huku watu wanacheka. Mpini unasukumwa kwa kifua kwenye mwinuko na kwa paja kwenye tambarare. Wa mbele anaita njia, wa nyuma haangalii mbele kabisa, anamwamini mwenzake. Mjomba alikuwa na sugu begani la kulia kubwa kama nusu ya limao. Sisi watoto tulikuwa tunalibonyeza.

Miaka aliyofika ilikuwa mibaya. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, maduka ya kaya yana foleni na foleni haina sabuni. Kubeba mzigo hakukuhesabiwa kazi. Mwaka 1983 ikaja sheria ya nguvukazi, na mtu asiye na kazi ya kutambulika akawa anakamatwa mjini na kupelekwa kijijini akalime. Mjomba alikamatwa mara moja, akiwa na mkokoteni. Akawaambia hii ndiyo kazi. Wakamwambia onyesha kitambulisho cha kazi. Akaonyesha sugu. Mwenyewe alihadithia hivyo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno mengi siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, lakini hakupelekwa.

Kisha mambo yakalegea. Kuanzia 1984 mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa, na Mzee Mwinyi aliposhika nchi mwaka uliofuata akaja kuitwa Mzee Ruksa kwa sababu aliruhusu mengi. Mitumba ikaingia kwa mabelo. Kina mama walioshonewa gauni moja kwa mwaka wakawa wanachagua kwenye rundo. Kariakoo ikaacha kuwa soko la ndizi na viazi lililozungukwa na nyumba, ikawa mtaa mzima wa maduka uliozunguka soko. Kongo ilifungukia hapo. Nyumba za vyumba sita zikaanza kuvunjwa: warithi wanaingia ubia na mwenye mtaji, yeye anajenga ghorofa, wao wanapewa sakafu mbili tatu. Zilizobaki ni chache sana. Ukiiona moja imebanwa katikati ya vioo na vigae, baraza lake limekuwa la kuuzia vishikizo na zipu, piga picha, maana mwakani hutaikuta.

Katika kipindi hicho hicho ndipo vijana kutoka kusini walipojaa mitaani wakiuza mkononi, na mji ukawapa jina la kwao: wamachinga, kutoka Machinga, Lindi. Wapo wanaodai neno limetokana na Kiingereza, na wanaeleza kwa urefu, lakini mjomba alikuwa hataki hata kusikia. Kwake yeye ilikuwa wazi kama jua. Babu walichukuliwa kusini kubeba, wajukuu wakaja wenyewe. Kwanza unabeba mzigo wa mtu, ukipata kidogo unabeba wa kwako, mashati matano kwenye mkono wa kushoto, na hapo umeshakuwa machinga. Ukipata zaidi unaweka chini. Kuweka chini ndiko kunakoleta ugomvi na serikali, kwa sababu mzigo ukiwa mkononi ni wa kupita, ukiwa chini ni wa kukaa.

Na ugomvi huo hauishi. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwapa wafanyabiashara wadogo vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa mwaka, na wakakaa, wakakaa kweli kweli, mpaka mbele ya milango ya maduka. Oktoba 2021, chini ya Rais Samia, wakaondolewa. Nilikuja wiki ile. Nikaiona Kongo yote, mwanzo mpaka mwisho, milango ya maduka, mitaro, hata nguzo za umeme ambazo sikujua zipo. Wenye maduka walikuwa wamefurahi siku ya kwanza. Siku niliyokuja mimi ilikuwa ya nne au ya tano, na mwenye duka ninayenunua kwake sare za watoto alikuwa amesimama mlangoni mikono nyuma. Wateja hawapo. "Unajua," akaniambia, "hawa walikuwa wanatuzibia, lakini mtu anakuja kwa ajili yao, halafu anaingia kwangu." Haikuchukua miezi mingi wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kwanza na mashati mkononi.

Ninawapenda machinga kuliko wenye maduka wanavyowapenda, lakini nisijifanye mtakatifu. Mwaka wangu wa kwanza niliuziwa seti za watoto wachanga, dazeni kumi, na winga. Winga ni yule kijana asiye na duka wala meza; kazi yake ni kukuona unashangaa, kukuchukua, kukupeleka. Jina limetoka kwenye mpira, mchezaji wa pembeni anayekimbia na kupiga krosi, na hakuna jina lililowahi kumfaa mtu hivi. Wangu alinipandisha ngazi mpaka ghorofa ya nne, chimbo, akasema, hapa hawajui wengi. Akaongea na muuzaji kwa kasi, akaniambia bei ya jumla, nikalipa. Morogoro nikafungua: seti ya juu kwenye kila dazeni ni nzima, za chini zimepauka kwenye mikunjo kama zimeanikwa mwaka mzima dirishani. Na baadaye nikajua kwamba kwenye kila seti alikuwa amejiwekea cha juu chake. Nilimtafuta miezi. Nilipomwona, alinikumbatia. Akaniuliza watoto hawajambo. Nikashindwa kugombana, na siku hiyo akanipeleka mahali pazuri kweli, bila cha juu, au kwa cha juu kidogo. Mpaka leo ndiye anayenipigia simu kontena likifunguliwa.

Kontena linatoka China, karibu kila kitu kinatoka China siku hizi. Wenye mtaji wanakwenda Guangzhou wenyewe, wa kati wanaagiza kwa simu na kuchanga nafasi kwenye kontena moja, wa chini kama mimi tunasubiri lifunguke. Kongo sio ya Watanzania tu. Nimepanga foleni ya risiti na kina mama wa Lubumbashi, wa Lusaka na wa Moroni, wanaonunua kwa robota na kujua bei kuliko mimi. Kwa muda kulikuwa na manung'uniko kwamba Wachina nao wameanza kuuza rejareja na kukaa kwenye fremu za uchochoroni, mpaka Julai 2025 serikali ikatangaza aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Fremu zenyewe sitaki hata kuzungumzia. Kodi unalipa ya mwaka, kilemba unampa aliyetoka ili akuachie, na baada ya hapo ndipo unaanza kutafuta hela ya mzigo.

Jumamosi moja usiku, 10 Julai 2021, jengo la Amuli liliungua. Niliona kwenye simu nikiwa Morogoro, ile miavuli ya zege ikiwa nyeusi na moshi ukitoka pembeni, pale ambapo hewa ilikuwa inapita. Wafanyabiashara wakatawanywa, wengine Kisutu, wengine Machinga Complex, na serikali ikatoa takriban shilingi bilioni 28 za kulirejesha na kujenga jipya ubavuni mwake. Mjomba alikuwa ameshafariki. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, neno ambalo si zuri kusema.

Jumamosi nyingine ilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi ya 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Mtaa wa Mchikichi, likiwa na watu ndani, wakati chini yake kunachimbwa. Walikufa zaidi ya ishirini. Nilikuwa nije siku hiyo, mtoto akaumwa. Picha ambayo siwezi kuisahau si ya jengo, ni ya mstari wa vijana wanaopokezana mawe kwa mikono, wabeba mizigo, mawinga, machinga, wakianza kuchimba kabla mitambo haijafika. Waliokuwa wamefukiwa walikuwa wanaongea nao kupitia nyufa. Mtu anayejua mzigo umelalia wapi kabla hajaunyanyua, huyo ndiye unayemtaka siku kama hiyo.

Yamekuwapo mengine. Mei 2023 na tena Juni 2024 maduka yalifungwa, wenyewe wakigomea kodi na kamatakamata, na Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza ile mara ya kwanza. Mara ile ya pili nilikwama nikiwa na hela na hakuna wa kumpa, hali ambayo Kariakoo sikuwahi kuiota. Februari 2025 likazinduliwa soko la saa 24, taa zikawekwa. Wenye kontena wakacheka kidogo. Wao na wabebaji usiku walikuwa wanaujua zamani.

Wiki iliyopita nilinunua robota moja na mafurushi mawili, ghorofa ya tatu. Winga wangu akaniitia kijana. Mwembamba, shati la Simba limetoboka begani. Akaanza kulizunguka robota, mara mbili, akalipiga kwa kiganja, akaligeuza, na mimi moyo ukanienda mbio kwa jinsi alivyofanana. Nikamuuliza kwao ni wapi, nikiwa na jibu lake tayari. Singida, akasema. Nikamuuliza kama anajua Kariakoo maana yake nini. "Si jina tu, mama."

Tulipofika chini akataka elfu mbili ya nyongeza, kwa sababu ya ngazi. Nikamwambia ngazi alikuwa anaziona. Akasema aliziona kweli, lakini hakuwa amezihesabu. Nikampa. Akajitwisha tena, tukaingia Kongo kuelekea Msimbazi ambako kirikuu, gari dogo la mizigo, lilikuwa linasubiri, yeye mbele, mimi nyuma na kifurushi cha soksi. "Mzigooo!" Watu wakagawanyika. Nilikuwa natembea kwenye kile kipande cha lami kinachofunguka nyuma ya mbebaji, upana wa mtu mmoja, na kila nikipiga hatua nilisikia kinajifunga nyuma ya visigino vyangu.